Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam: yalianza lini hasa, na fuvu la Zinj lilifikaje pale?

#1 Korongo_FLK

Wadau, swali hili halifi. Mmoja anasema 1934, mwingine 1940, mwingine 1963, na wanaojiandaa na mitihani wanakariri 1980. Miaka yote minne ni sahihi, ila kila mmoja unahusu jambo lake.

1934 ni mwaka wa kuanzishwa, enzi za gavana Harold MacMichael. 1940 ndipo umma ulipofunguliwa mlango, kwa jina la King George V Memorial Museum. Angalieni hapo: Mfalme George wa Tano alifariki 20 Januari 1936, na mtu aliye hai hajengewi ukumbusho. Basi ukisoma mahali kwamba "King George V Memorial Museum ilianzishwa 1934", ujue mwandishi kachukua jina la baadaye akalivika tarehe ya mwanzo. 1963, baada ya Uhuru, liliongezwa jengo kubwa jipya na makumbusho yakawa ya Taifa kwa jina na kwa kazi. 1980 ilipitishwa Sheria Na. 7 iliyoyafanya kuwa shirika la umma lenye bodi yake. Jengo la zamani bado limesimama ndani ya uzio uleule, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea.

Ila kwa mtu wa akiolojia mwaka wenyewe haumo katika hiyo minne. Ni 1965, fuvu la Zinj, zamadamu wa Olduvai, liliporudishwa nchini.

Mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona tarehe 17 Julai 1959, Olduvai, katika eneo linaloitwa FLK. Wengi wanadhani hizo ni herufi za Kiingereza tupu. K ni *korongo*, bonde lililochimbwa na maji, Kiswahili kabisa. FLK ni Frida Leakey Korongo, MNK ni Mary Nicol Korongo, BK ni Bell's Korongo. Ramani nzima ya pale imejaa makorongo, na majarida ya sayansi duniani yanaandika hiyo K bila kujua yanazungumza Kiswahili.

Siku ile mumewe, Louis Leakey, alibaki kambini, mgonjwa wa mafua. Mary aliona mfupa umechomoza kwenye mteremko, akapangusa udongo, akakuta meno mawili makubwa yamekaa kwenye taya. Vipande vilivyookotwa na kuchekechwa vilifika kama 400, na kazi ya kuviunganisha ilikuwa ya jicho na gundi. Jina la kwanza lilikuwa *Zinjanthropus boisei*: Zinj ni lile jina la kale la Waarabu kwa pwani yetu, na boisei ni kwa heshima ya Charles Boise aliyefadhili utafiti.

Likaondoka. Mwezi uliofuata, Agosti 1959, lilikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenye kongamano la wanahistoria ya kale wa Afrika. Louis Leakey alikuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, na huko ndiko vitu vyake vya uchimbaji vilikokaa. Uchunguzi wa kina ulifanywa na Phillip Tobias wa Johannesburg, na kitabu chake kikubwa juu ya fuvu hilo kilitoka 1967. Kati ya hapo ndipo likarudi Tanzania.

Kwa nini 1965 na si 1960? Tazameni sheria. Kabla ya hapo kulikuwa na Amri ya Kuhifadhi Kumbukumbu ya 1937, ya kikoloni, nayo ilijishughulisha zaidi na magofu. Sheria ya Mambo ya Kale ilikuja 1964. Mwaka mmoja baadaye fuvu likawa Dar.

#2 Mwana_wa_Forodhani

Mkuu #1, uzi mzuri, ila msijisahau. Makumbusho ya Beit el Amani hapa Unguja yalifunguliwa 1925, mchoro wa J. H. Sinclair. Nyinyi wa bara 1940 mlikuwa bado mnapaka chokaa.

#3 Kitante

Na Uganda Museum ni 1908, ilianzia ngome ya Lugard, Kampala, ikahamia Kitante 1954. Tukae kwa adabu.

#4 Mtaa_wa_Uhuru

Sawa wakubwa. Mimi naomba jibu moja. Pale Dar fuvu lililo kwenye kabati la kioo ni la kweli au la plasta? Mtaani wanasema la kweli liliuzwa zamani.

#5 Mtunza_Rejista

Ndugu yangu #4, halikuuzwa. La kwenye kabati ni nakala. Halisi lipo kwenye chumba cha kuhifadhia chenye mlango wa chuma, na halitolewi bila kibali na sababu ya kitafiti. Hivyo ndivyo inavyofanyika karibu kila mahali duniani penye mifupa ya zamadamu, hakuna siri.

Kutofautisha nakala na halisi si kazi ngumu ukijua pa kutazama.

Kwanza, taya la chini. OH 5, ndiyo namba yake rasmi, maana yake ni zamadamu wa tano wa Olduvai, halikupatikana na taya la chini. Meno yote 16 ya juu yapo, ya chini hata moja hakuna. Taya lililompatia mwanasayansi mfano wa kufuata lilipatikana 1964 huko Peninj, magharibi ya Ziwa Natron, na aliyeliona ni Kamoya Kimeu. Kwa hiyo ukiona Zinj anatabasamu na meno ya juu na chini, umeona kazi ya mikono ya fundi.

Pili, rangi. Mfupa uliogeuka jiwe una rangi zinazobadilika kila sentimita: kahawia, kijivu, madoa meusi ya manganizi. Kipande kilichokaa karibu na uso wa ardhi kimepauka kuliko kilichokuwa ndani. Nakala ina rangi iliyopakwa, na hata ikipakwa vizuri mpasuko wake hauna kina.

Tatu, ule ukingo wa mfupa katikati ya utosi, mfano wa mgongo wa dari. Hapo ndipo misuli ya kutafunia ilishika. Ubongo wenyewe ulikuwa mdogo, sentimita za ujazo kama 500, na magego yake yanazidi yetu kwa mbali. Kwenye nakala iliyotolewa kwenye kalibu iliyochoka, kingo za ule mfupa na vishimo vya magego huwa zimelainika kama sabuni iliyotumika.

Na kalibu ndiyo sababu nyingine ya kufungia kitu halisi. Kila unapomwaga mpira wa kalibu juu ya mfupa, ukiubandua unaondoka na chembe za uso wake na unaacha mafuta ndani ya vinyweleo. Zamani walitumia lateksi, nayo husinyaa, hivyo nakala inatoka ndogo kuliko mama yake na vipimo vyake vinadanganya. Silikoni hainyauki kiasi hicho, lakini kubandua ni kulekule. Siku hizi fuvu linapigwa picha za tomografia, yaani eksirei za tabaka kwa tabaka, vipimo vinachukuliwa kwenye kompyuta, na nakala inachapwa bila mtu kugusa mfupa.

#6 Mtaa_wa_Uhuru

Nimeelewa. Kumbe ni kama hati ya nyumba: kopi unatembea nayo, halisi iko benki.

#7 Lindi_Kwetu

Mbona hamjataja dinosaria wa Tendaguru? Yule yupo Berlin, ana urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu, na ni wetu.

#8 Korongo_FLK

#7, mfupa ni wetu ila fani si hii. Akiolojia ni mambo ya binadamu. Tendaguru ni miaka kama milioni 150 iliyopita, binadamu hajafikiriwa. Uchimbaji ule ulikuwa 1909 hadi 1913, mizigo ilibebwa vichwani hadi bandari ya Lindi, na msimamizi aliyeijua kazi kuliko wengi wa waliopigwa picha alikuwa Boheti bin Amrani. Unastahili uzi wake. Ila kisheria uko sahihi kuuliza, maana Sheria ya 1964 inahesabu visukuku pamoja na vitu vilivyotengenezwa na watu. Tatizo ni kwamba iliandikwa nusu karne baada ya mzigo kuondoka.

#9 Mchekecha_Mchanga

Mmeliacha jambo moja kubwa: kitu maarufu kuliko Zinj ambacho hakimo ndani ya makumbusho yoyote, na hakitakiwi kuwamo. Nyayo za Laetoli.

Nyayo za wanyama zilionekana kwanza 1976. Za zamadamu, eneo G, zilianza kufunuliwa 1978 na timu ya Mary Leakey. Ni mstari wa kama mita 27 wenye nyayo zipatazo 70, umri wake miaka milioni 3.66. Majivu ya volkano ya Sadiman yalianguka, mvua ndogo ikayalowesha, zamadamu wakapita, jua likakausha, majivu mengine yakafunika. Majivu yale yakilowa hushikana, ndiyo maana ukiyagusa leo ni jiwe, lakini jiwe la matabaka membamba mno. Ukilikata ulibebe, linachanika kama chapati ya maji. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutolipeleka Dar, Arusha wala kwingine. Kilichosafiri ni nakala.

Basi 1979, kazi ilipoisha, wakazifukia. Uamuzi sahihi. Kosa lilikuwa kwenye mchanga.

Mchanga ulichotwa mtoni, ukamwagwa bila kuchekechwa, kisha juu yake yakapangwa mawe ya lava kuzuia mmomonyoko na mifugo. Ndani ya mchanga mlikuwa na mbegu za migunga. Mawe yale yakawa kitalu kizuri ajabu: yanatunza unyevu chini, na mche unakua katikati yake pasipofikiwa na mdomo wa mbuzi. Walipokagua 1992 palikuwa na kijisitu. Mizizi ya mgunga haiulizi, inatafuta maji, na ikikuta tabaka lenye nyufa inapenya na kupanua.

Matengenezo yalifanywa na Getty Conservation Institute, taasisi ya uhifadhi ya Marekani, pamoja na Idara ya Mambo ya Kale. Nitaeleza kwa mpangilio wake, kwa sababu kila hatua ina mtego.

Kwanza miti 69 ilikatwa na visiki vikapakwa dawa ya kuua magugu. Hakuna kung'oa. Ukivuta kisiki, mzizi unainuka na unyayo. Unauacha ufe na kusinyaa ndani ya tundu lake mwenyewe.

1995 na 1996 wakafunua kwa sehemu. Mizizi iliyokufa ilikatwa vipande vifupi na kutolewa taratibu kwa zana ndogo, na ule uso ulioweza kumomonyoka uliimarishwa kwa gundi ya akriliki. Matundu yaliyobaki yalizibwa kwa uji mzito wa akriliki na unga laini wa silika. Si saruji: saruji ina chumvi, ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, na kikitokea kishindo kinachovunjika ni unyayo badala ya kiraka. Kila unyayo ukapigwa picha na kuchorwa upya.

Kisha kufukia tena, safari hii kwa matabaka. Chini mchanga laini uliochekechwa. Juu yake kitambaa cha nyuzi za plastiki kinachopitisha maji na hewa. Mchanga tena. Halafu kitambaa chenye vidonge vya dawa inayoitwa trifluralini, ambayo haiui mti, inazuia tu ncha ya mzizi isigawanyike, hivyo mzizi ukifika pale unageuka. Mchanga, kitambaa kingine kama hicho, udongo wa palepale, na mwisho mawe ya lava. Umbo zima ni la kilima kidogo, limebinuka katikati ili mvua iteleze pembeni.

Karatasi ya polithini ya kawaida ingefanya nini? Maji yangenaswa chini yake, chumvi ingepanda hadi usoni mwa tabaka na kulimenya. Ndiyo maana wanasisitiza kitambaa kinachopumua. Na dawa ile ina umri, inakwisha, kwa hiyo kazi isiyokwisha ni ya mtu mwenye jembe: miche inang'olewa ikiwa bado urefu wa kidole.

#10 Mtunza_Rejista

#9 umemaliza. Niongeze kidogo tu: eneo S, umbali wa kama mita 150 kusini mwa G, lilitangazwa Desemba 2016 na timu ya Profesa Fidelis Masao na wenzake. Nyayo 13 za mtu mmoja, aliyekadiriwa kimo cha kama sentimita 165, na moja ya mtu mwingine.

#11 Kilwa_Masoko

Uzi umehamia Kaskazini wote. Sisi wa pwani je? Sarafu za Kilwa watu wanaokota ufukweni, wanasugua kwa ndimu na majivu zing'ae, wanauzia wageni. Mtaalamu aseme lolote.

#12 Mtunza_Rejista

Kaka wa Kilwa, hapo umegusa donda.

Sarafu za Kilwa nyingi ni za shaba. Maandishi yake yana vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili sifa inayomtaja Mungu, na tamko la mwisho linaitikia jina la kwanza. Hazina tarehe. Rudia hapo: hazina tarehe. Sultani mwenye jina linalofanana na la mjukuu wake humtenganishi naye kwa kusoma sarafu. Kinachotenganisha ni tabaka ilimotoka, imelala pamoja na vigae gani, chini ya sakafu ipi. Neville Chittick alipochimba Kilwa kuanzia 1958, hicho ndicho kilichompa mpangilio wa watawala. Sarafu ya Kilwa ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana Great Zimbabwe ina thamani kwa sababu hiyohiyo, inajulikana ilitoka wapi. Iliyookotwa na kutiwa mfukoni ni kipande cha shaba chenye mashairi.

Ndimu ni asidi. Inakula kutu, lakini maandishi yenyewe mara nyingi yamebaki ndani ya ile kutu, kwa kuwa shaba ya asili imekwisha geuka. Ukiondoa kutu umeondoa maandishi. Majivu yanakwangua kilichobaki.

Na kuna ugonjwa. Sarafu iliyokaa kwenye mchanga wa bahari imebeba kloridi. Unaikuta imetulia, kahawia au kijani kibichi kigumu. Unaiweka kwenye droo Dar, unyevu hewani mara nyingi unazidi asilimia 70, baada ya muda inaota unga wa kijani mpauko, kama ungaunga wa ukungu. Unga huo ukiugusa unadondoka na chini yake kuna shimo. Hauponi kwa kufuta, kwa sababu kloridi inaanza tena duru yake kila ikipata maji na hewa. Dawa ya kwanza ni ukavu: chini ya asilimia 40.

Namna ya kufanya bila mitambo: chombo cha plastiki ya polipropilini chenye kifuniko kinachobana, silika jeli ya punje za rangi ndani, sarafu kwenye vifuko vidogo vilivyotobolewa matundu, na kipimo kidogo cha unyevu kinachoonekana bila kufungua. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 100 hadi 120, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, irudishe. Inayoharibu wengi ni kuchanganya mifupa na shaba katika chombo kimoja. Mfupa kwenye ukavu huo unapasuka, wenyewe unataka kama asilimia 50. Kila kitu na sanduku lake.

Vigae navyo. Kigae cha pwani kimejaa chumvi, hasa vile vyenye mng'ao. Kikikauka, chumvi inakuwa fuwele chini ya mng'ao na kuubandua kama ganda la yai. Loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, badilisha kila siku, pima maji kwa kipima umeme hadi namba isipande tena. Inaweza kuchukua wiki. Kisha kausha kivulini.

Kuandika namba: pakaa mstari mwembamba wa Paraloid B-72, gundi angavu ya akriliki, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, subiri ukauke, andika kwa wino, pakaa juu tena. Upande wa ndani wa chungu, mbali na urembo, na kamwe si kwenye ukingo uliovunjika, maana ukingo huo ndio utakaounganishwa na mwenzake. Namba ileile iwe kwenye kigae, kwenye kifuko, kwenye rejista. Kigae kikipoteza namba, hicho kimerudi kuwa takataka, hata kama ni seladoni kutoka China.

#13 Mwana_wa_Forodhani

Hii ya kuunganisha na ukingo nimeiona kwenye makabati mengi imeandikwa palepale kwenye mvunjiko. Kumbe.

#14 Kilwa_Masoko

Asante mkuu. Sasa mtu anachimba msingi wa nyumba, anakutana na ukuta wa matumbawe na vigae. Afanyeje asije akafungiwa kiwanja?

#15 Korongo_FLK

Sheria ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inasema kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni cha kale, na majengo hali kadhalika. Visukuku vinaingia bila kujali mwaka. Aliyekuta ana wajibu wa kutoa taarifa.

Kwa vitendo: simamisha jembe hapo tu, si kiwanja kizima. Usivitoe. Piga picha kitu kikiwa mahali pake, weka rula au hata sanduku la kiberiti kando kionekane ukubwa, piga nyingine kutoka mbali ionyeshe mti au nyumba ya jirani, andika kina kutoka juu ya ardhi. Funika kwa udongo uleule. Kisha mtendaji wa kijiji au mtaa, na afisa utamaduni wa wilaya, kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kuchimba kwa utafiti ni jambo jingine kabisa: mtafiti anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na leseni ya uchimbaji kutoka kwa mkurugenzi wa mambo ya kale, vyote viwili. Mtu akija na kimoja tu akidai kinatosha, mwambie akalete cha pili.

Hii ni ya bara. Zanzibar wana sheria yao.

#16 Kilwa_Masoko

Na mlango wa nakshi? Bibi mmoja hapa ana mlango wa mwaka 1930 na kitu, dalali anataka kuupeleka Ulaya.

#17 Korongo_FLK

Umo. Milango na miimo yenye nakshi za Kiafrika au za mashariki iliyochongwa kabla ya 1940 ni kitu kilicholindwa, na hakitoki nchini bila leseni. Bibi anaweza kuufungua na kuufunga kila siku, ni wake. Dalali aonyeshe leseni kwanza, kabla hajagusa bawaba.